Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Bwawa la Kendwa na Historia ya Maji ya Pamoja Unguja

Mwishoni mwa Juni 2020 nilifunga safari kutoka mjini kwenda Kendwa kumtazama kaka yangu, mtoto wa shangazi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya pwani ile. Nilimkuta amechutama ukingoni, barakoa imeshuka kidevuni, ameshika kichupa chenye maji ya manjano hafifu na kukiinua juu akitazama rangi yake kwenye mwanga. Alikuwa akipima klorini. Zanzibar ilikuwa imefungua tena milango kwa watalii tarehe 6 ya mwezi ule, na mwajiri wake alikuwa amemwita kazini baada ya kukaa nyumbani kwa wiki nyingi bila ya mshahara.

"Maji haya hayana neno, ndugu yangu," aliniambia. "Dawa imekaa sawa, pampu inafanya kazi. Mimi siyaogopi maji. Naogopa watu, na zaidi naogopa kwa kuwa hakuna anayetwambia hali ikoje."

Nimelibeba neno hilo kwa miaka kadhaa sasa. Nimelisomesha darasani bila ya kumtaja aliyelisema, na kila ninapolirudia huona kwamba ndani yake mna mambo mawili ambayo historia ya visiwa vyetu imeyachanganya tangu karne ya 19. La kwanza ni swali la kitabibu: je, maji tunayoyatumia kwa pamoja yanaambukiza? La pili ni swali la kisiasa: nani anaamua yafungwe au yafunguliwe, kwa faida ya nani, na anayebeba hatari anaambiwa nini? Serikali nyingi zimejibu swali la kwanza na kudhani kwamba zimeshalijibu la pili. Katika makala haya nataka kuyatenganisha, na ili kufanya hivyo sina budi kurudi nyuma kidogo.

Maji yalipokuwa ndiyo maradhi

Kipindupindu kiliipiga Unguja mara kadhaa katika karne ya 19. Daktari Mskochi James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar na kumhudumia Sultani, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu kuenea kwa maradhi hayo Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Jambo linalomvutia mwanahistoria katika kazi ya Christie ni kwamba hakuridhika kuuandika ugonjwa peke yake. Aliandika pia njia za biashara. Alifuatilia namna wimbi la mwaka 1869 lilivyopita bara, likafika pwani ya Pangani na kuvuka hadi Unguja kwa mkondo uleule uliopitisha pembe, nguo na watu. Maradhi hayakuwa na ramani yake mbali na ramani ya uchumi. Palipopita faida, na kipindupindu kilipita.

Ulipofika mjini ugonjwa ulikuta mji wa visima vifupi, vyoo vilivyochimbwa karibu na visima hivyo, na watu waliokuwa wakichota, wakifua, wakioga na kutawadha kwa maji yaleyale. Kipindupindu ni maradhi ya maji kwa maana halisi: vijidudu hutoka tumboni mwa mgonjwa, huingia kwenye maji na kumfikia mwingine kinywani. Katika hali kama hiyo kisima cha pamoja ndicho chanzo cha hatari, na aliye na chanzo chake safi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kunusurika kuliko jirani yake.

Seyyid Barghash alitawala kuanzia Oktoba 1870, mji ukiwa ndio kwanza unatoka katika msiba ule. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Bombay kama mtu aliyehamishwa baada ya uasi wake wa mwaka 1859 kushindwa, na wanahistoria wengi huiona alama ya mji ule katika kazi alizozifanya aliporudi. Katika miaka ya 1880 alileta maji ya chemchemi kwa mifereji na mabomba kutoka Chemchem, nje ya mji, hadi ndani ya Mji Mkongwe. Ni yeye pia aliyejenga hamamu ya umma ambayo mtaa mzima umechukua jina lake: Hamamni. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa ameshajenga hamamu Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ile ya Kidichi ilikuwa ya mke wa mfalme shambani. Hii ya Hamamni ilikuwa ya watu wa mji, yenye maji ya moto na ya baridi.

Simsifu Barghash kupita kiasi. Utawala wake ulisimama juu ya jasho la watumwa na wakulima wa karafuu, na hamamu haikuwa ya kila mtu kwa kipimo kimoja. Lakini tuone mantiki ya kazi ile. Mji uliotoka kwenye maradhi ya maji haukujibu kwa kuwafungia watu maji. Ulijibu kwa kuyasafisha na kuyasogeza karibu nao. Jibu la hatari ya maji ya pamoja lilikuwa maji ya pamoja yaliyo bora zaidi. Hilo ni jibu la kwanza katika historia yetu, na ningependa msomaji aliweke akilini.

Maradhi yalipokuwa sababu ya kutenga

Jibu la pili lilikuja na ukoloni. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa cha Changuu ili kijengwe gereza. Majengo yalipokamilika hayakupata kutumika kama gereza. Kisiwa kikageuzwa kituo cha karantini kwa meli zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki. Nje ya msimu wa meli, ambao ulikuwa baina ya Disemba na Machi, mahali palepale palitumika kama mapumziko ya starehe. Leo wageni huvuka kwenda kuwatazama kobe na kuogelea. Sidhani kama kuna mahali pengine katika visiwa vyetu ambapo karantini na utalii vimeishi chini ya paa moja kwa uwazi kiasi hicho: nusu ya mwaka anazuiliwa msafiri anayeshukiwa, nusu nyingine anakaribishwa anayepumzika.

Mjini kwenyewe maradhi yakawa lugha ya kugawa watu. Mji Mkongwe wa mawe ulikuwa upande mmoja wa mkono wa bahari, na Ng'ambo ya vibanda vya udongo na makuti upande wa pili. Katika nyaraka za maofisa wa kikoloni Ng'ambo hutokea mara kwa mara kama chimbuko la uchafu na maradhi, wakati huduma za maji, mifereji na taa ziliendelea kuupendelea mji wa mawe. Watu waliambiwa kwamba wanaishi vibaya kwa sababu ni wachafu. Hawakuambiwa kwamba walinyimwa maji. Hamamu ya Barghash nayo ikaacha kutumika katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na leo ni jengo la kutazamwa kwa kiingilio, mahodhi yake makavu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilijaribu kuligeuza jibu hilo. Maji yakatangazwa kuwa huduma ya bure kwa wananchi, na Ng'ambo ikajengewa majumba ya Michenzani kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa ya haki. Utekelezaji, kama kila aliyewahi kupandisha ndoo ghorofani anavyojua, ulikuwa jambo jingine. Sheria ya mwaka 2006 ikaleta Mamlaka ya Maji Zanzibar, na baadaye mwananchi akaanza kulipia maji, yakitoka na yasipotoka.

Muuza juisi na mwenye bwawa

Tuje karibu zaidi. Kipindupindu kilirudi Zanzibar mwaka 1978 na tangu hapo hakikutuacha kwa muda mrefu. Wimbi lililoanza mwaka 2015 na kuendelea 2016 wengi wetu tunalikumbuka vizuri. Serikali ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula na juisi mitaani, na skuli zikafungwa. Nakumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akiuza juisi ya ukwaju, ambaye kwa muda ule hakuwa na pato lolote. Sikumbuki hoteli ya pwani kufungwa kwa sababu ya kipindupindu kile, wala sikumbuki mtu yeyote kulijadili jambo hilo.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba hilo ni sahihi kitabibu. Hoteli zina maji yao yaliyotiwa dawa, na muuza juisi hana. Ni kweli. Lakini hebu tuliulize swali mpaka mwisho: kwa nini hoteli ina maji yaliyotiwa dawa na mtaa hauna? Tukiishia kwenye usahihi wa kitabibu tunaisahau historia iliyoutengeneza usahihi huo.

Kwa upande wa Kendwa na Nungwi jambo hili si la nadharia. Ncha ya kaskazini ya Unguja ni ardhi ya maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Maji matamu hukaa kama utando mwembamba juu ya maji ya chumvi, na ukiyavuta kwa nguvu chumvi hupanda. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 1986 ilipoifungua pwani kwa wageni, hoteli zilifuata mchanga na bahari, sio maji. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa utafiti uliohusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya mwanakijiji ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifikia lita 3,195.

Hesabu ya bwawa lenyewe kila mtu anaweza kuifanya. Bwawa la mita 20 kwa 10, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, linachukua lita 300,000. Kwa kipimo cha lita 93.2, maji hayo yangeitosha kaya moja karibu miaka tisa. Jua la kwetu likinyonya milimita tano tu kwa siku, bwawa hilo hupoteza lita 1,000 kila siku bila ya mtu yeyote kuligusa, nayo ni matumizi ya kaya kumi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kendwa bahari iko hapo mbele ya macho, bwawa liko pembeni yake, na kifuu ndicho kinachogombaniwa.

Machi hadi Juni 2020

Corona ilikuja kwa njia tofauti. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza Zanzibar ni raia wa Ujerumani. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za watu walio hai, maradhi hayakutajwa kuwa yametoka Ng'ambo, kwenye vibanda, au kwenye glasi ya juisi. Yalishuka uwanja wa ndege. Skuli na vyuo vikafungwa, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa mwezi Aprili, na hoteli moja baada ya nyingine zikazima taa.

Athari yake ilikuwa kubwa mno. Serikali yenyewe ilikuwa ikieleza kwamba utalii unachangia takribani asilimia 27 ya pato la Zanzibar na asilimia 80 ya fedha zake za kigeni. Wageni walioingia mwaka 2019 walizidi 538,000. Mwaka 2020 walishuka hadi takribani 260,000. Kendwa, ambako kijana akimaliza skuli hutazama hoteli kabla hajatazama kwingine, nyumba nyingi zilirudi kwenye ngarawa na nyavu. Siwezi kuungana na wale wanaosema kwamba ilitupasa kubaki tumefunga mpaka maradhi yaishe. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wa mshahara kama mimi, ambao mshahara wetu haukukatika hata mwezi mmoja. Njaa nayo ni maradhi, na haina chanjo.

Kwa hiyo, kufungua lilikuwa jambo la lazima wakati fulani. Na kuhusu bwawa lenyewe, sayansi ilikuwa upande wa waliofungua. Virusi vya corona vina ganda la mafuta linalovunjwa na klorini kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba maji yenye klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, kwa muda wa dakika 30 na katika pH iliyo chini ya 8, yanatosha kuua vijidudu vya namna hiyo. Hatari haikuwa ndani ya maji. Ilikuwa kwenye hewa: vyumba vya kubadilishia nguo, baa iliyo pembeni ya bwawa, viti vya kulalia vilivyobanana, na mazungumzo ya ana kwa ana. Pia bwawa haliwezi kuachwa tu. Pampu ikizimwa na dawa ikikatika, maji hugeuka kijani na mbu wakapata mahali pa kuzaliana. Lazima lihudumiwe au limwagwe, na kulijaza upya ni lita 300,000 nyingine kutoka kwenye utando uleule wa maji matamu.

Hapa ndipo kipindupindu na corona vinapokuwa kinyume. Katika kipindupindu kitu cha pamoja kinachoua ni maji. Katika corona kitu cha pamoja kinachoua ni pumzi. Klorini inayoweza kumlinda mwogaji wa 1869 haimlindi mhudumu wa 2020 anayesimama mbele ya mgeni akimpa taulo. Kinachomlinda huyo ni nafasi, barakoa, ruhusa ya kukaa nyumbani akiumwa bila ya kupoteza kibarua na, zaidi ya yote, habari sahihi.

Na habari ndizo tulizozikosa. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 480. Zanzibar ilitoa nyongeza yake mwanzoni mwa Mei, kisha kukawa kimya kilichodumu zaidi ya mwaka. Mwezi Juni Rais Magufuli alitangaza kwamba nchi imeondokana na corona kwa nguvu ya maombi. Wiki ileile Zanzibar ilikuwa ikipokea wageni kwa kupima joto la mwili na kujaza fomu. Tazameni mpangilio huo kwa makini: mgeni alipimwa joto ili mwenyeji asidhurike, mgeni akaulizwa ametoka wapi, lakini mwenyeji hakuambiwa ni wagonjwa wangapi wako wilayani kwake. Kaka yangu alikuwa na kichupa cha kupimia maji, na matokeo yake aliyasoma mwenyewe kila asubuhi. Kwa jamii nzima iliyomzunguka hapakuwa na kichupa.

Bei ya wenyeji

Sasa nina jambo la kukiri. Agosti ile ile nilirudi Kendwa na familia yangu. Hoteli zilikuwa tupu na zikatangaza bei ya wenyeji, nafuu ambayo mtu wa kipato changu hakuwahi kuiota. Watoto wangu waliogelea siku mbili katika bwawa ambalo kwa miaka mingi walikuwa wakiliona kwa mbali tu. Nilikaa kwenye kiti kirefu nikisoma. Kaka yangu alipita mara kadhaa akiwa na wavu wake mrefu wa kuokotea majani, amevaa barakoa katika jua lile, na kila alipopita alinisalimia kwa heshima ya mteja, sio ya ndugu. Mimi sikuvaa barakoa. Nilijiambia kwamba tuko nje na upepo wa bahari ni mwingi. Labda nilikuwa sahihi kitabibu. Lakini siku ile nilielewa kwamba mtu haulizi maswali mengi anapokuwa upande wa wanaofunguliwa.

Februari 2021 ilikuja. Chama cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimeshatangaza mwishoni mwa Januari kwamba mwenyekiti wake, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa corona. Alifariki dunia tarehe 17 Februari katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kwa Wazanzibari wengi, wa chama chochote, tangazo lile la chama lilikuwa mara ya kwanza kusikia jina la maradhi likitamkwa hadharani likiwa na jina la mtu wanayemjua.

Wiki hizohizo tulimzika baba yangu mdogo. Alikuwa mlinzi wa usiku katika nyumba moja ya wageni huko kaskazini. Tuliambiwa ni changamoto ya kupumua. Wasomaji wangu wanalikumbuka neno hilo. Lilizunguka nchi nzima katika miezi ile, likisema kila kitu na kukataa kusema chochote. Hospitali aliyolazwa haikumpima, au kama ilimpima hatukupewa majibu. Sidai kwamba alifia hoteli, wala kwamba mgeni fulani alimwambukiza. Angeweza kuupata daladalani, msikitini au kwenye harusi. Hoja yangu ni kwamba hatukupewa nafasi ya kujua, na kwa hiyo hatukupewa nafasi ya kumkinga. Tulimwosha sisi wenyewe kama ilivyo desturi, tukiwa kumi na mmoja ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Maji tuliyomwoshea yalikuwa safi kabisa.

Baadaye mambo yalibadilika. Rais Samia Suluhu Hassan alishika madaraka Machi 2021, akaunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kutolewa tena, na Julai 28 chanjo ikazinduliwa kitaifa. Wageni nao walirudi. Mwaka 2023 walizidi 638,000, idadi kubwa kuliko ile ya kabla ya janga. Kwa kipimo cha hesabu tu, uamuzi wa Juni 2020 unaonekana umefaulu, na wako wanaouandikia sifa. Mimi nasema hesabu hiyo haijakamilika kwa sababu upande mmoja wa daftari haukujazwa. Tunajua kwa usahihi wageni wangapi waliingia. Hatujui wenyeji wangapi waliondoka.

Masharti ya kufungua

Historia haitoi maelekezo, lakini hutoa onyo. Nikiyatazama majibu tuliyowahi kuyatoa, ya Barghash ya kusafisha na kugawa, ya wakoloni ya kutenga na kulaumu, na yetu ya 2016 na 2020 ya kumfungia mmoja na kumfungulia mwingine, naona masharti matatu ambayo watumishi wa umma watakaokalia meza hizo janga lijalo wangepaswa kuyaweka mbele.

La kwanza, anayeamuriwa kurudi kazini apewe habari ileile aliyonayo anayeamuru. Kufungua bila ya takwimu kunamgeuza mfanyakazi kuwa kipimo: akiugua tutajua kuna hatari, asipougua tutasema tulikuwa sahihi. Huo si uamuzi wa kiafya, ni bahati nasibu inayochezwa kwa mwili wa mtu mwingine.

La pili, sheria ya bwawa na sheria ya kisima iwe moja. Siku hizi majengo ya makaazi yenye bwawa la pamoja yanaongezeka Fumba na pwani za kaskazini, na kila jengo lina mtu wa kupima klorini asubuhi na jioni. Ni jambo jema. Basi na kisima cha shehia kipimwe kwa ratiba, na matokeo yabandikwe mlangoni kwa sheha ambapo kila mtu atayasoma. Kama tunaweza kujua usalama wa maji ambayo mtu anaogelea, haiwezekani tushindwe kujua usalama wa maji ambayo mtoto anakunywa.

La tatu, tuache kulijibu swali la siasa kwa jibu la maabara. Mtaalamu akisema bwawa ni salama, amesema kuhusu maji. Hajasema ni nani alipwe akiwa karantini, ni kijiji gani kipungukiwe na maji ili bwawa lijae, wala ni kifo cha nani kiandikwe. Maswali hayo ni yetu sote, na wanaharakati wasikubali kuambiwa kwamba yameshajibiwa na klorini.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuisoma methali hii kama tangazo la ukarimu na la biashara: mgeni akija, kutapikwa kizuri na sisi tutakula. Lakini kitenzi kilichotumika ni kupona. Methali inaweka sharti juu ya ujio wa mgeni, nalo ni uzima wa mwenyeji. Kaka yangu bado yuko Kendwa na bado anapima maji kila asubuhi. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimuuliza kama sasa anaambiwa hali ikoje. Alicheka, akakitikisa kichupa chake, akakiinua kwenye jua.

"Haya," alisema, "nayajua."